Mlango Usiomjua Mwenye Nyumba

Jumapili iliyopita tulimwacha Mzee Chhotalal jikoni, kwenye kiti chake cha magurudumu. Mkewe alikuwa ametoka nje na chapati mkononi, na mlango mpya ukajifunga wenyewe nyuma yake. Klik. Wewe msomaji ulikunja gazeti ukaenda kula. Yeye alibaki palepale akitazama chapati ya pili juu ya tawa, na moto wa gesi ukiwaka chini yake.

Kwa aliyelinunua gazeti leo kwa mara ya kwanza nitaeleza mbiombio, maana kuna kitu kinaungua.

Mzee Chhotalal aliuza vitambaa mjini Singida maisha yake yote, katika nyumba aliyoijenga babu yake kwa mawe na mbao za mninga: duka mbele, ua nyuma yake, vyumba pembeni. Mwaka jana kiharusi kilimchukua upande wote wa kulia. Kilimchukua na maneno pia, kikamwachia moja tu. Neno hilo ni "haya".

Mwanawe Prashant akaja kutoka Dodoma na mkewe Aarti, wakaamua nyumba ya wazee iwe ya kisasa. Nia yao ilikuwa njema, tusiwasingizie. Kila jambo walimuuliza baba kwanza.

"Baba, duka tulifanye sebule?"

"Haya."

"Ua tuuezeke, uwe jiko?"

"Haya."

"Na lile baraza la mbele tulivunje, tuweke kioo?"

Hapo mzee alikusanya nguvu zake zote aseme hapana. Barazani ndipo alipokaa Rahabu wa Mtinko akiuza mafuta ya alizeti, tangu Prashant akiwa anatambaa. Mzee akafungua mdomo, likatoka "haya". Kichwa nacho kikayumba kidogo, kama cha mtu anayeitikia, wakaona amekubali kwa furaha.

Baraza likavunjwa. Rahabu akahamishia madumu yake ng'ambo ya barabara, chini ya mwavuli. Nyumba ikawekwa vigae vya kung'aa, kioo cha giza chenye nondo, na mlango wa chuma ambao kitasa chake hufunguliwa kwa kidole. Kidole kwa nje, kidole kwa ndani, ili mwizi akivunja kioo na kupitisha mkono asikute cha kuzungusha. Namba ya siri waliijua Prashant na Aarti peke yao. Mama Ramila, mke wa mzee, hakupewa, kwa sababu Aarti alisema angempa mchunga ng'ombe.

Na kweli angempa.

Ng'ombe wenyewe ndio waliotufikisha hapa. Mama Ramila akianza kupika mchana, chapati ya kwanza si ya mtu, ni ya ng'ombe. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake, naye amefanya hivyo tangu alipoletwa Singida akiwa bibi harusi. Zamani alisimama mlangoni, mlango uko wazi kwa wateja, ng'ombe wa Mandewa wanapita, anampa aliye karibu. Siku hizi mlango ukiachiwa unajifunga, kwa hiyo msichana wa kazi, Catherine, ambaye kidole chake kinatambuliwa, humfungulia na kumshikia. Leo Catherine yuko kwao Sepuka, na alipoondoka aliuzuia mlango kwa kigoda usijifunge. Mama Ramila alisikia kengele za ng'ombe, akasahau, akakisogeza kigoda, akatoka.

Sasa turudi jikoni. Chapati imeshakuwa nyeusi.

Kutoka alipokaa, Mzee Chhotalal aliona sebule yote mpaka kwenye kioo kikubwa cha mbele. Raha ya kioo cha giza ni hiyo: mchana, aliye ndani anamwona wa nje, na wa nje anajiona mwenyewe. Alimwona mkewe akimpapasa ng'ombe shingoni. Alimwona akigeuka, akitabasamu bado, akaweka kidole kwenye kitasa.

Kuna mwanamke anayekaa ndani ya kile kitasa. Akasema kwa Kiingereza kwamba hamtambui.

Mama Ramila akafuta kidole kwenye sari, akajaribu tena. Hatambuliwi. Akajaribu kingine, na kingine. Wanawake wa umri wake hugeuza chapati kwa vidole vitupu juu ya chuma cha moto, na mwaka baada ya mwaka alama zote huisha. Hata siku ya kusajili laini ya simu mashine ilimkataa, ikabidi mzee asajili kwa jina lake. Hapa nyumbani Prashant alimwambia atajaribu tena kumsajili akirudi. Bado hajarudi.

Tabasamu likamtoka. Alikumbuka jiko.

Ndani, mzee aliona kwamba asipolizima yeye hakuna wa kulizima. Akasukuma gurudumu kwa mkono wa kushoto na sakafu kwa mguu wa kushoto, kiti kikaenda upandeupande mpaka kwenye kaunta. Jiko lenyewe ni la kisasa, swichi zake zimewekwa upande wa ukutani watoto wasizifikie. Wajukuu hawajawahi kuja.

Akanyoosha mkono. Haukufika. Akajinyanyua kwa mguu mmoja, akanyoosha tena, kiwiko kikakokota kitambaa ambacho mkewe alikitandika kwa ajili ya chapati. Kitambaa kikaangukia motoni.

"Haya," alisema Mzee Chhotalal.

Alimaanisha neno jingine kabisa, ambalo mhariri wangu asingelichapa.

Kitambaa kikawaka, kikateleza, kikaning'inia kwenye mlango wa kabati la chini. Kabati hilo ni la mbao za kisasa, zile za unga wa mbao uliovikwa plastiki, na plastiki ikaanza kutoa malengelenge. Na ndani ya kabati hilohilo ndimo ulimo mtungi wa gesi. Aarti aliuficha humo kwa sababu ukionekana unaharibu sura ya jiko.

Mzee alijua mtungi uko wapi. Nje hakukuwa na mtu aliyejua kwamba moto umeufuata, na neno lake lilikuwa moja.

Rahabu alikuwa ameshavuka barabara. Kidirisha kidogo cha juu kilikuwa wazi, kwa hiyo mzee aliyasikia yote.

"Mama Prashant, mbona unagonga kwako?"

"Mlango umenikataa. Na jiko linawaka."

"Nani yuko ndani?"

"Baba Prashant."

"Peke yake?"

Mama Ramila akagonga tena. Rahabu akaweka kikombe chake cha kupimia mafuta chini, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwaga kitu.

"Basi muite. Muite kwa jina, kwa sauti, ajue uko hapa."

"Unajua siwezi, Rahabu."

Rahabu alijua. Mtaa mzima unajua. Tangu siku ya harusi, Mama Ramila hajawahi kutamka jina la mumewe. Mama yake alimfundisha kwamba mke akilitaja jina la mume anampunguzia siku za kuishi, kwa hiyo kwanza alimwita "wewe", kisha, alipozaliwa mtoto, akamwita Baba Prashant. Benki wakimuuliza jina la mume, humgeukia mtu aliye naye alitaje yeye. Hata mwaka jana, alipomkuta ameanguka kwenye kaunta ya dukani, alilia "Baba Prashant, Baba Prashant", mpaka watu wakakusanyika.

"Haya, nitamuita mimi," Rahabu akasema. "Mzee Chhotalal, unanisikia? Mzee."

Mzee alijibu neno lake. Halikufika hata katikati ya sebule.

"Nampigia Prashant," Rahabu akasema.

"Una namba yake?"

"Ya Prashant sina. Ninayo ya mzee."

Kabla Mama Ramila hajamzuia, Rahabu alikuwa ameshapiga. Simu ikaita ndani, juu ya kaunta, ng'ambo ya moto. Mzee aliiona ikitetemeka na jina la Rahabu likiwaka kwenye kioo chake. Namba ya Prashant ilikuwa humohumo ndani ya simu hiyo, na kwenye simu ya Prashant mwenyewe kulikuwa na kitu cha kubonyeza tu, hukohuko Dodoma, mlango ukafunguka. Simu iliita mpaka ikachoka. Baadaye kidogo kona yake ikaanza kujikunja kwa joto.

Sasa moshi ulikuwa unatoka kwenye kidirisha cha juu, na watu wa nje wakauona. Dereva wa bodaboda anayeitwa Derick akaegesha pikipiki katikati ya barabara, akaja mbio mpaka mbele ya Mama Ramila, akasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mume wangu anaungua."

Singida bwana. Nyumba inawaka, na salamu haiachwi.

Derick hakuuliza la pili. Aliokota jiwe la ukingo wa barabara, akalirusha kwenye kioo. Kioo kikalirudisha. Akalirusha tena. Mara ya tatu kioo kikafanya utando wa buibui, mara ya nne kikashuka chote kwa mpigo, na watu wakashangilia. Kisha wakashusha mikono, maana nyuma ya kioo nondo zilikuwa pale, nene kuliko kidole gumba, zimechomelewa moja kwa moja ukutani. Prashant hakubania kitu.

Upepo wa Singida mnaujua. Ulipata mlango, ukaingia, ukapita sebuleni mpaka jikoni, na moto uliokuwa unajivuta ukasimama wima.

Rahabu alimwaga ndoo ya maji kupitia nondo. Maji yakaishia kwenye kochi. Mwingine akaleta ndoo nyingine. Kochi likalowa sana.

"Zimamoto wameshapigiwa," mtu akasema nyuma. "Wako njiani."

"Huyo hapo," akasema Rahabu. "Namuona. Anakuja."

Ni kweli, Mzee Chhotalal alikuwa anakuja. Kwa mkono mmoja na mguu mmoja alikigeuza kiti, akaupa moto mgongo, akaelekea sebuleni. Mambo mawili alikuwa nayo kichwani: mlango, na kile kilichomo ndani ya kabati. Watu wakashika nondo, wakaanza kumhimiza kwa sauti za chini, kama wanavyomhimiza mtoto anayejifunza kutembea. Njoo mzee. Hivyohivyo. Njoo.

Kiti kikagonga kitu, kikasimama.

Hapa, msomaji, utanilaumu mimi, lakini si mimi niliyejenga nyumba hii.

Kati ya duka la zamani na ua wa zamani kuna kizingiti cha mbao ya mninga, kimo chake kama kiganja cha mtu mzima. Kila asubuhi Mama Ramila hukiosha, akakichorea kwa unga mwekundu na unga wa mchele, kwa sababu neema ya nyumba hupitia hapo. Hakikanyagwi. Wakwe, wageni, wapagazi waliobeba majora ya kitambaa, wote waliambiwa waruke. Prashant alitaka king'olewe ili kiti cha baba kipite. Mama Ramila alilala chini mbele yake mpaka mafundi wakaondoka. Ndicho kitu pekee cha zamani alichokipigania, na ndicho pekee alichokipata.

Wakakubaliana kutengeneza ubao wa mteremko. Kiti kikitaka kupita, ubao unawekwa juu, kiti kikishapita unaondolewa, maana si vizuri neema kufunikwa. Asubuhi hii alikiosha kizingiti, akakichora, akauegemeza ubao ukutani, upande wa sebuleni.

Alikuwa anauona sasa, kupitia nondo. Alishika nondo kwa mikono miwili.

"Ubao," alisema. "Nimeuweka mimi pale. Rahabu, nimeuweka mimi."

"Nyamaza, Mama Prashant."

"Kwa mkono wangu huu."

Mzee naye aliuona. Aliunyooshea mkono ukabaki mbali, lakini karibu kiasi cha kumkasirisha. Alirudi nyuma, akakisukuma kiti kwa nguvu yote ya mguu wake, magurudumu madogo ya mbele yakagonga mninga wa babu yake na kugoma. Akarudia. Yakagoma. Joto lilikuwa limeshafika kisogoni, na kutoka kwenye kabati alisikia kitu kinapasuka kidogokidogo.

Akaamua. Alimtazama mkewe, akainamisha mwili mbele, akauachia.

Kiti kilipinduka, naye akapita juu ya kizingiti kwa kifua, akaangukia kwenye vigae vya sebule kwa ubavu uliokufa. Watu wakaguna. Kwa muda hakusogea. Kisha mkono wa kushoto ukatangulia, kiganja kikashika kigae, kikateleza, kikashika tena. Vigae vya kung'aa havina pa kushika, lakini vina jambo moja jema, vinateleza. Alijikokota.

"Ana damu," akasema Derick. "Shati lote lina damu."

"Si damu," akasema Mama Ramila. "Ni kizingiti changu."

Hakuna aliyeelewa. Mbele ya shati jeupe la mumewe kulikuwa na unga wote mwekundu aliouchora asubuhi.

Mzee alifika mlangoni. Nje walisikia kucha zake kwenye chuma. Akashika ule mkono mrefu wa mlango kwa mkono wa kushoto, akavuta, akapiga goti moja, akauegemea mlango mzima kwa uso. Kitasa sasa kilikuwa sawa na mdomo wake.

"Weka kidole, mzee," Rahabu akasema. "Wewe wanakujua."

Walimjua, ndiyo. Siku ya kuingia nyumba mpya, Prashant alitaka baba awe wa kwanza kufungua. Akachukua kidole gumba cha kushoto, kile kilicho hai, akakipeleka kwenye kitasa. Mama Ramila akamshika mkono. Wa kushoto ni nuksi, alisema, nyumba haifunguliwi kwa mkono wa kushoto. Prashant akacheka, akauinua mkono wa kulia kutoka mapajani mwa baba yake, mlegevu, baridi kidogo, akakisajili kidole gumba cha mkono huo. Wakapiga picha. Wakala vitamu vya ladu.

Kidole anachojulikana nacho Mzee Chhotalal ni kile asichoweza kukiinua.

Mama Ramila alikumbuka kabla ya yeyote. Watu walimwona akiacha nondo, akienda mlangoni, akiweka kichwa chake kwenye chuma. Upande wa pili wa chuma hichohicho kilikuwepo kichwa cha mumewe.

Mkono wa kushoto wa mzee ulikuwa umeshika mlango, akiuachia anaanguka. Wa kulia ulining'inia. Akainamisha shingo mpaka akaupata ukingo wa mkono wa shati kwa meno. Akauma. Akauinua mkono wake mwenyewe kama mbwa anavyobeba mtoto wake, taratibu, mate yakimtoka, mpaka kiganja kikagusa kitasa.

Yule mwanamke akasema hamtambui.

Kilikuwa kimegusa kidole cha shahada. Mzee akauachia mkono, akapumua, akakohoa moshi, akauma tena. Nje hata wenye ndoo walikuwa wamesimama na ndoo zao.

Klik.

Yule mwanamke akasema karibu.

Watu waliruka. Derick akausukuma mlango kwa bega, na mlango ukafunguka upana wa vidole vinne, ukakataa.

Mlango wa nyumba hii hufungukia ndani. Mzee alikuwa ameutumia mwili wake wote kwa kile kidole. Kitasa kilipoitika, goti lilikatika, akashuka chini kwa mgongo, na mguu wa kulia ukajikunja nyuma yake, katikati ya mlango na kabati la viatu lililofungwa ukutani kwa skrubu. Mguu ule hausikii wala hautii. Alijaribu kuuvuta kwa mkono wa kushoto, ukabaki kama ulivyokuwa.

Na uzito wake ulikuwa unaurudisha mlango. Ukirudi hadi mwisho utajifunga, na safari hii hakuna meno yatakayouinua ule mkono tena.

Mama Ramila hakungoja mtu alete jiwe au kipande cha mti. Aliingiza mkono wake kwenye ufa. Chuma kikaubana juu ya vifundo vya vidole, vidole vilevile ambavyo mlango ulikataa kuvijua, na mlango ukaishia hapo.

Mzee aliuona mkono ule juu ya kichwa chake. Aliona unavyobadilika rangi, na aliyekuwa anaubana ni yeye. Alitaka kusogea. Alitaka kumwambia autoe.

"Haya," alisema. "Haya, haya."

"Sitoi," akajibu Mama Ramila.

Akapapasa kwa vidole mpaka akampata, paji la uso, kisha sikio, akatulia hapo.

Rahabu alipiga magoti, akachungulia chini ya ufa. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mguu umekwama kwenye kabati," alimwambia Derick kwa sauti ndogo. "Tukisukuma, unavunjika. Labda na nyonga."

"Na tusiposukuma?"

Rahabu akatazama moshi. Sasa ulikuwa unatoka kila mahali, mweusi, wenye harufu ya plastiki.

"Daktari alisema mifupa yake ni kama biskuti," akasema Mama Ramila. "Alisema akianguka tu, basi. Msisukume. Ngojeni zimamoto."

"Mama, wako njiani lakini hatujui wapi."

"Msisukume, nawaomba."

Wanaume sita walikuwa wamejipanga mlangoni, mabega tayari. Walisimama hivyohivyo. Sikia, msomaji, wapo watu wenye nguvu ya kubeba gari, na hapo mlangoni nguvu zao zote hazikuwa na kazi.

Ndipo mzee aliposikia mluzi.

Ulikuwa mwembamba, unatoka jikoni, ndani ya kabati. Aliujua. Maisha yake yote ya dukani alikuwa na masikio mazuri, alisikia panya kwenye jora. Nje hawakuusikia, makelele yalikuwa mengi. Mtungi. Neno lilikuwa pale kwenye ulimi, lina mwanzo na mwisho, akalisukuma kwa kifua chote.

"Haya," likatoka.

Mama Ramila alisikia kitu katika sauti hiyo. Alikuwa ameishi na lile neno mwaka mzima, akilisikia likiwa maji, likiwa blanketi, likiwa hasira, likiwa Prashant atakuja lini. Hili hakuwahi kulisikia. Akainama, akaweka mdomo kwenye ufa, na sasa alisema Kigujarati, polepole, kama anavyomsemesha usiku akimgeuza ubavu.

"Kuna kibaya zaidi ya moto?"

"Haya."

Akafunga macho. Aliwakumbuka mafundi wakiuingiza mtungi kabatini na Aarti akifunga vijimlango, akisema sasa panapendeza.

"Wakisukuma mguu utavunjika," alisema. "Utaumia sana. Labda hutakaa kwenye kiti tena."

Mzee alitazama vile vidole vinne vilivyobanwa. Vilikuwa vimeshaanza kuwa vya bluu na bado vilikuwa vinamsugua sikio.

"Haya," alisema.

Tangu kiharusi neno hilo lilikuwa likimtoka badala ya mengine yote. Safari hii lilikuwa lenyewe.

Rahabu alikuwa amemshika bega. Wanaume walikuwa wanamtazama yeye, na yeye alikuwa anatazama chuma. Ndani, mzee alingoja aitwe kama anavyoitwa siku zote, Baba Prashant, vumilia, Baba Prashant, jikaze. Alijua atakavyolisema. Alikuwa amejiandaa kulisikia.

"Chhotalal," alisema mkewe.

Alilisema vizuri, bila kujikwaa, kama mtu aliyekuwa nalo mdomoni miaka yote. Mzee akaacha kupigana na mguu wake. Hakuwahi kulisikia jina lake kwa sauti hiyo, na alijua maana yake. Mke hulificha jina la mume ili kuzilinda siku zake.

Nje, Mama Ramila alijifuta uso kwa mkono uliobaki. Ule mwingine aliuacha palepale kwenye ufa, juu ya sikio la mumewe.

"Sukumeni," akawaambia.